Uwanja Mfupi: Historia ya Kujifunza Kutua kwa Ndege Ndogo katika Nyanda za Juu za Afrika ya Mashariki na Kati

Mwaka 1948 Waingereza wawili, Jack Hemmings na Stuart King, waliondoka kwao kwa ndege ndogo aina ya Miles Gemini. Hemmings alikuwa rubani, King alikuwa fundi, na wote wawili walikuwa wametumikia jeshi la anga la Uingereza katika Vita Vikuu vya Pili. Walitaka kuona kama ndege ndogo zingeweza kuzihudumia misheni na hospitali zilizokuwa mbali na barabara na reli barani Afrika. Ndege yao ilikuwa na injini mbili, kila moja yenye nguvu za farasi 100 tu. Safari hiyo ilikatikia kwetu Burundi, nchi ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Ruanda-Urundi chini ya usimamizi wa Ubelgiji. Ndege ilianguka ubavuni mwa mlima. Wote wawili walitoka wazima, lakini ndege haikufaa tena kwa kazi yoyote.

Nimeanza na habari hiyo kwa sababu haisimuliwi sana. Katika vitabu vya historia ya usafiri wa anga tunasoma habari za waliofika: fulani alivuka bahari, fulani alifika Cape Town. Kwa mwanafunzi wa historia, aliyeanguka humfundisha zaidi. Hemmings na King hawakuwa wanagenzi. Walikuwa wamepita vitani, na ndege yao ilikuwa mpya. Basi kwa nini milima ya Burundi iliwashinda watu kama hao? Nadhani swali hilo linafungua historia yote ya kutua kwenye viwanja vifupi katika eneo letu. Ni historia ya watu waliokuja na ujuzi kutoka mahali pengine, wakalazimika kujifunza upya.

Kabla ya kuendelea, niseme kidogo kuhusu maneno, maana sisi ni wanafunzi wa lugha. Katika Kirundi tunaita ndege ya kusafiria *indege*, neno tulilolipata kwa Waswahili. Lakini yule ndege mwenye manyoya tunamwita *inyoni*. Kwa hiyo Mrundi anayesema *indege* hamwoni kiumbe yeyote arukaye, anaona chuma. Mswahili anapotumia neno lile lile ana picha mbili kichwani. Na kitenzi *kutua* ni kizuri zaidi. Mchukuzi hutua mzigo, ndege wa porini hutua mtini, msafiri hutua kituoni, na neno *kituo* lenyewe limetokana nacho. Kutua si kuanguka wala si kushuka tu. Ni kuweka kitu chini kwa hiari na kwa uangalifu, mahali ulipopachagua. Marubani wa nchi zetu walihangaika miaka mingi kujifunza tofauti hiyo.

Tuanze na hewa. Ndege hubebwa na hewa inayopita kwenye mabawa, na hewa ya milimani ni nyepesi kuliko ya pwani. Joto nalo huipunguza uzito. Chukua uwanja ulio mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kimo cha kawaida kabisa katika nyanda zetu, na mchana wenye joto la nyuzi 28. Ukikokotoa, utaona kwamba hewa ya hapo kwa saa hiyo ni sawa na hewa ya kawaida ya mita 2,700 hivi. Injini inapumua kidogo, rafadha inakamata kidogo, mabawa yanabeba kidogo. Rubani hana njia ya kuyaona hayo. Kipimamwendo chake nacho huendeshwa na hewa hiyo hiyo, kwa hiyo kinamwonyesha kasi ya kilomita 100 kwa saa kama alivyozoea, kumbe magurudumu yanakutana na ardhi kwa kasi inayokaribia kilomita 114. Tofauti ya kilomita 14 si jambo dogo. Umbali wa kusimama huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi, kwa hiyo ndege inayotosheka na mita 460 kwenye usawa wa bahari, hewa ikiwa na nyuzi 15, itadai karibu mita 600 hapo juu. Kama uwanja una mita 550, mita 50 zilizobaki ni za mihogo ya mtu, au korongo.

Hilo ndilo ambalo mtu aliyejifunza kuruka katika tambarare za Uingereza hakuwa nalo mwilini. Huenda alilijua kwenye karatasi. Lakini mikono na macho yake vilikuwa vimezoea hewa nyingine.

Nairobi ndipo mahali pa kwanza katika Afrika ya Mashariki ambapo ujuzi huu ulianza kukusanywa. Klabu ya marubani iliyoitwa Aero Club of East Africa ilianzishwa mwaka 1927. Mwaka 1929 mwanamke mmoja, Florence Kerr Wilson, alianzisha kampuni ya Wilson Airways, na rubani wake mkuu alikuwa Tom Campbell Black. Kiwanja cha Wilson, ambacho kila msafiri wa Nairobi anakifahamu, kilipewa jina la mama huyo mwaka 1962. Kiko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo mwanafunzi aliyejifunzia Nairobi alijifunza tangu siku ya kwanza katika hewa nyepesi, na hakuwa na mazoea ya pwani ya kuyasahau. Naona jambo hili halijapewa uzito wake. Watu husifu ushujaa wa marubani wa Kenya wa miaka ile ya 1930, lakini sehemu ya siri yao ilikuwa kimo cha shule yao.

Ndege za wakati huo zilikuwa za mbao na kitambaa. Ile iliyopendwa sana ilikuwa Gipsy Moth ya kampuni ya de Havilland. Haikuwa na breki. Mkiani ilikuwa na kipande cha chuma kilichoburuzwa ardhini, na huko kuburuza ndiko kulikosaidia kuisimamisha. Kwenye nyasi ndefu ilisimama upesi. Kwenye ardhi kavu na ngumu ya Januari iliteleza kama mtoto kwenye gamba la mgomba. Kwa hiyo rubani alilazimika kuijua nyasi kama mfugaji anavyoijua: ni ndefu kiasi gani, imelowa au imekauka, chini yake kuna kichuguu au shimo la mhanga? Ndege ya wakati ule ilikuwa na vipimo vichache mno, na kipimo kikubwa kilikuwa jicho la mtu.

Mwaka 1931 Campbell Black alimfundisha kuruka Beryl Markham, mwanamke aliyezaliwa Uingereza mwaka 1902 lakini akakulia Njoro. Markham alikuwa mkufunzi wa farasi wa mashindano kabla ya kuwa rubani. Alisema Kiswahili tangu utotoni. Baadaye alipata leseni ya kubeba abiria na barua kwa malipo, na alifanya kazi ya kutafuta tembo kutoka angani kwa ajili ya wawindaji matajiri, kazi ambayo leo inatutia uchungu, lakini ndiyo iliyomlazimisha kutua mahali ambapo hapakuwa na uwanja wowote. Mwindaji yuko porini, mizigo yake iko porini, na rubani anaambiwa: shuka hapa. Wachukuzi wanapewa mapanga na siku moja au mbili za kukata vichaka. Urefu wa uwanja ni ule ambao mapanga yameweza kufika.

Mwezi Septemba 1936 Markham aliondoka Abingdon, Uingereza, akavuka Bahari ya Atlantiki peke yake kuelekea magharibi, safari ya saa zaidi ya 20, hadi injini ilipokosa mafuta naye akalazimika kutua kwenye kinamasi cha kisiwa cha Cape Breton, Kanada. Ndege ilikita pua kwenye tope. Yeye aliumia kidogo kichwani, akatembea. Magazeti ya Marekani yalishangilia kuvuka kwake. Mimi naona dakika ile ya mwisho ilikuwa ya Kenya tupu: injini imekufa, ardhi haijulikani, na ni lazima mtu achague kipande cha mita mia chache ambacho hakitamuua. Mwalimu wake hakuishi muda mrefu kuisimulia habari hiyo. Tarehe 19 mwezi huo huo, katika kiwanja cha Speke, Liverpool, Campbell Black alikuwa bado ardhini ndani ya ndege yake ndogo ilipogongwa na ndege ya kijeshi iliyokuwa ikitua. Akafa. Mtu aliyetua salama porini mara nyingi kiasi hicho aliuawa kwenye uwanja mpana wa mjini kwao.

Wapo wengine waliokufa hapa hapa. Denys Finch Hatton, ambaye wengi wamemjua kupitia filamu kuliko kupitia historia, aliruka kutoka Voi tarehe 14 Mei 1931. Ndege yake ikaanguka muda mfupi baadaye, akafa pamoja na mtumishi wake Mkikuyu. Kaburi la Finch Hatton lipo kwenye vilima vya Ngong na watalii wanalitembelea. Nimemtaja mtumishi huyo kwa makusudi, na nitarudi kwenye jambo hili la watu ambao hawakaliwi na macho ya historia.

Sasa, mtu alijifunza nini hasa alipojifunza kutua kwenye uwanja mfupi? Nimejaribu kulieleza kwa Kiswahili cha kawaida, maana nadhani lugha yetu inaweza.

Jambo la kwanza ni kuja polepole, na hapo ndipo hofu ilipo. Ndege inayokuja kwa kasi haitaki kugusa chini. Inaelea juu ya nyasi kama inajishauri, na kila sekunde inayoelea inakula mita 30 za uwanja. Lakini ndege inayokuja polepole mno huachwa na hewa ikaporomoka ghafla. Marubani wamekubaliana kwamba kasi ya kukaribia iwe kama mara 1.3 ya ile kasi ambayo mabawa hushindwa kubeba. Ukiongeza moja ya kumi tu juu ya hapo, umbali wa kusimama unaongezeka kwa moja ya tano. Kwa hiyo mwanafunzi anaishi kwenye ukingo mwembamba: huku kuna korongo la mwisho wa uwanja, kule kuna kuporomoka. Jambo la ajabu ni kwamba katika mwendo huo wa polepole, kuinua pua hakukupandishi, kunakushusha. Kinachokupandisha ni moto wa injini. Mkono wa mwanafunzi unapinga jambo hilo kwa wiki nyingi.

Kisha macho. Uwanja mwembamba humdanganya rubani kwamba yuko juu sana. Uwanja unaopanda mlima humdanganya vivyo hivyo. Akiamini macho yake, atashuka zaidi, naye atagonga miti ya mwanzo wa uwanja akidhani bado ana nafasi. Viwanja vya misheni katika nyanda zetu vilikuwa na kasoro zote mbili: vyembamba na vyenye mwinuko. Dawa waliyofundishwa marubani ni kutafuta mahali kwenye kioo ambapo ardhi haisogei. Kila kitu kingine kinapanda au kinashuka kiooni, lakini sehemu moja imetulia. Hapo ndipo utakapogusa. Kama sehemu hiyo ni mti, basi utagusa mti.

Mwinuko lakini una rehema yake. Ndege inayotua ikipanda mlima husimama haraka bila breki, na ikiondoka kwa kushuka mlima hupata kasi upesi. Ndiyo maana viwanja vingi vya milimani hutumiwa kwa kutua upande mmoja na kuondoka upande wa pili, hata kama upepo unasema vingine. Tatizo ni kwamba mwisho wake kuna mlima wenyewe. Ipo hatua ambayo ukishaipita, huwezi tena kughairi na kuruka upya, kwa sababu mlima unapanda haraka kuliko ndege yako. Rubani mzuri anaiweka hatua hiyo kwa kitu anachokiona: mto, paa la bati, mkaratusi uliosimama peke yake. Kabla ya hapo anaweza kurudi nyumbani bila aibu. Baada ya hapo atatua, iwe vizuri au vibaya. Kwa maoni yangu somo lote liko hapo. Mikono inaweza kufundishwa kwa mwezi mmoja. Kujua kukataa, wakati mgonjwa anakusubiri chini na watu wameshatoka majumbani kukutazama, huchukua miaka.

Baada ya vita vya pili, viwanda vya ndege vilianza kuunda ndege kwa ajili ya kazi hii hasa. Beaver ya Kanada iliruka mara ya kwanza mwaka 1947. Ujerumani ilitoa Dornier Do 27 katikati ya miaka ya 1950, na ndege ya aina hiyo, iliyopakwa milia kama punda milia, ndiyo iliyotumiwa na Bernhard Grzimek na mwanawe Michael kuhesabu wanyama wa Serengeti. Baba na mwana walijifunza kuruka kwa ajili ya kazi hiyo. Tarehe 10 Januari 1959 Michael aligongana na tai angani akafa. Amezikwa kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Ndege ilikuwa bora, uwanda ulikuwa mpana, na bado. Kisha zikaja Cessna 206 katika miaka ya 1960, zenye magurudumu matatu na mlango mpana wa mizigo, ambazo hadi leo ni kama pikipiki za anga katika eneo letu.

Mwaka 1957 madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha shirika la madaktari wa ndege ambalo sasa linajulikana kama AMREF. Hapa ujuzi wa uwanja mfupi ulibadilika maana. Kabla ya hapo ulikuwa wa barua, uwindaji na biashara ya walowezi. Sasa mwisho wa uwanja alikuwapo mama aliyeshindwa kujifungua. Shirika liliweka redio katika hospitali za mbali, na redio hizo zilikuwa na faida ambayo si ya kidaktari tu: rubani aliweza kuuliza kabla ya kuondoka kama mvua imenyesha, kama uwanja umelowa, upepo unatoka wapi. Huko nyuma Markham alilazimika kuyasoma yote hayo akiwa angani, kwa moshi na kwa vivuli.

Mmoja wa madaktari waliojiunga na shirika hilo alikuwa Anne Spoerry, aliyezaliwa Ufaransa mwaka 1918, mfungwa wa kambi ya Ravensbrück wakati wa vita, kisha daktari wa mashambani huko Ol Kalou. Alijifunza kuruka akiwa na umri wa miaka 45 hivi. Watu wengi wangesema amechelewa. Aliendelea kuruka karibu mpaka kifo chake mwaka 1999, akizunguka Turkana, Marsabit na Lamu kwa ndege yake ya Piper, akitua kwenye mchanga, kwenye mawe ya volkeno, kwenye nyasi za visiwani. Watu walimwita Mama Daktari. Sifa zake zimeandikwa na zinastahili. Lakini tunapozisoma, tujiulize: uwanja aliotua ulikuwa umetengenezwa na nani?

Hili ndilo ninalotaka kulisisitiza mbele ya wenzangu. Uwanja mfupi haukuwapo tu kama mto au mlima ulivyo. Ulitengenezwa. Mtu aling'oa visiki. Mtu alibomoa vichuguu, kazi ambayo aliyewahi kupiga jembe kwenye kichuguu cha Februari anaijua ilivyo. Mtu alipaka mawe chokaa ili mipaka ionekane kutoka juu. Na baada ya kutengenezwa ulipaswa kulindwa kila wiki, kwa sababu nyasi za nchi zetu hazingoji. Siku ya ndege, kijana alitumwa kuwafukuza ng'ombe, mbuzi, au pundamilia, na mwingine akawasha moto wa majani mabichi ili moshi uonyeshe upepo. Wote hao walikuwa sehemu ya kutua. Mlinzi wa uwanja ambaye hakuona shimo lililochimbwa na mhanga usiku angeweza kuivunja ndege kwa hakika kuliko rubani mbaya.

Na walikuwa na ujuzi. Mzee aliyefuga kwenye uwanda huo tangu utotoni alijua sehemu gani hutuama maji baada ya mvua na sehemu gani hukauka, na upepo wa saa tisa unatoka upande gani. Rubani mwenye akili alimuuliza. Katika masimulizi ya marubani, mzee huyu hutokea kama "wenyeji walinipungia mkono". Lakini bila yeye, somo la ardhi lisingekuwapo. Mtu anaweza kunijibu kwamba ujuzi wa kuendesha na ujuzi wa kulinda nyasi havilingani. Ni kweli havilingani kwa mshahara. Ila kwenye uwanja wa mita 550, kosa la mmoja na kosa la mwingine vina mwisho mmoja.

Swali la nani alikaa kwenye kiti cha mbele liliendelea hata baada ya uhuru. Kwa muda mrefu Mwafrika alikuwa mkata nyasi, mpakiaji, mjaza petroli, na mara chache fundi. Hatua kubwa ilikuja mwaka 1971, pale Jumuiya ya Afrika Mashariki ile ya kwanza ilipoanzisha shule ya urubani Soroti, mashariki mwa Uganda. Ilikusudiwa kuwafundisha vijana wa Kenya, Tanzania na Uganda katika hewa yao wenyewe, juu ya ardhi yao wenyewe. Soroti iko kwenye kimo cha zaidi ya mita 1,000, na alasiri kuna joto la kutosha kumfundisha mtu adabu. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977, shule ikabaki mikononi mwa Uganda, ikapita katika miaka migumu. Burundi na Rwanda ziliingia katika Jumuiya ya sasa mwaka 2007, miaka 30 baada ya ile ya kwanza kufa, na Kongo ikafuata mwaka 2022. Sisi tulikuja mezani sahani zikiwa zimeshaoshwa mara moja.

Kongo ya mashariki ndiko historia hii inakoendelea kwa ukali zaidi. Barabara zimekatika, misitu ni minene, na viwanja vidogo ndivyo milango ya miji mingi. Huko Walikale, katika Kivu ya Kaskazini, biashara ya madini ya bati, yanayoitwa kasiteriti, ilipopamba moto katika miaka ya 2000, marubani walitua Kilambo. Kilambo si uwanja. Ni kipande cha barabara ya lami katikati ya msitu. Ndege ikikaribia, watu na pikipiki walisogea pembeni, ndege ya injini mbili ikashuka barabarani, ikapakia magunia, ikageuka, ikaondoka kwenda Goma. Magunia yenyewe yalikuwa yametoka mgodi wa Bisie vichwani na migongoni mwa wachukuzi, kilo 50 kwa mtu, kwa njia ya miguu ya msituni ya siku mbili hivi. Nilisema mwanzoni kwamba mchukuzi naye hutua. Hapo kando ya lami walikutana watuaji wa aina mbili, na bei ya ujuzi wa mmoja haikukaribia bei ya jasho la mwingine.

Marubani wa Kilambo walikuwa hodari. Hakuna asiye hodari awezaye kuirudia kazi hiyo wiki baada ya wiki. Walakini siwezi kuandika habari zao kwa sauti ile ile ninayotumia kwa madaktari wa ndege. Uhodari ni ule ule, hesabu ya hewa ni ile ile, nyasi za pembeni ni zile zile. Kilichobadilika ni kile kilichomo ndani ya ndege na nani anafaidika nacho, wakati ambapo mgodi wenyewe ulikuwa mikononi mwa watu wenye bunduki.

Goma penyewe palipata somo la uwanja mfupi kwa namna ambayo hakuna aliyeitaka. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulilipuka, na uji wake wa moto ukapita katikati ya mji na kufunika karibu theluthi moja ya njia ya kurukia ndege upande wa kaskazini. Kwa miaka mingi baadaye ndege kubwa ziliendelea kutumia kipande kilichobaki, upande mmoja ukiwa na ukuta wa mawe meusi na upande mwingine ukiwa na nyumba za watu. Kimo ni zaidi ya mita 1,500. Rubani wa ndege ndogo hakuona shida: mita 2,000 kwake ni anasa. Lakini ndege kubwa iliyojaa, mchana, katika hewa nyepesi, ilikuwa imerudishwa katika darasa la Campbell Black bila kuambiwa. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ya DC-9 ya kampuni ya Hewa Bora ilishindwa kupaa, ikapitiliza mwisho wa uwanja na kuingia Birere, mtaa wa soko. Wengi wa waliokufa siku hiyo hawakuwa abiria. Walikuwa wauzaji na wanunuzi waliokuwa wamesimama ardhini.